Angèle na Maneno Jike

Walimletea mvulana.

Tena mvulana msafi, kaptula imepigwa pasi, ameshikwa mkono kama anayepelekwa kupokea komunyo ya kwanza. Ofisi ya kutafuta watoto waliopotea vitani ilikuwa na hema kubwa jeupe kule Himbi, karibu na ziwa, mtaa ambao hata vumbi lake lina adabu. Wamama waliokuwa wakingoja kwenye mabenchi walishaanza kupiga makofi. Angèle alisimama, akatazama nyuma ya yule mvulana, akidhani mtoto wake anafuata. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Mama, Chance wako huyu," akasema Rémy, mkalimani wa ofisi, kijana wa shati lililochomekwa na kalamu mbili mfukoni.

"Huyu ni mutoto mwanaume."

"Ndiyo, mama."

"Chance wangu ni musichana."

Makofi yakafa moja moja. Yule mvulana, ambaye naye kweli aliitwa Chance na tangu asubuhi alikuwa ameahidiwa mama, alimtazama Angèle usoni, halafu akatazama viatu vyake. Hakulia. Afadhali angelia.

"Mama, ni wewe mwenyewe ulisema," Rémy akaanza, na sauti yake ilishaanza kutafuta mlango wa kutokea. "Siku ile nilitaka kutafsiri, ukanikataza. Ukamwambia madamu mukubwa wa ofisi kwa Kifaransa chako kwamba mutoto wako amepotea: Mon enfant, il est perdu. Il est petit. Il s'appelle Chance. Il, il, il. Il ni mwanaume, mama. Tumetafuta mwanaume."

"Na mwanamuke wanasema nini?"

"Elle."

Angèle alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi. Alidhani ni il ya watu wa Himbi.

Wewe unayesoma usimcheke. Kiswahili chetu ni lugha ya watu wenye adabu. Mtu anakula, analala, anapotea, basi. Ukitaka kujua ni wa kiume au wa kike, nenda ukamtazame. Mfaransa hana subira hiyo. Kabla hujamaliza sentensi anataka kujua kila kitu kimevaa nini chini, hata kijiko, hata meza, hata ukuta.

Rémy akasogea karibu, akashusha sauti. "Na kuna jambo lingine, mama. Hapa wanakuja watu kudai watoto wasio wao, wakawatumikishe. Sasa muzazi asiyejua kama mutoto wake ni mwanaume ama mwanamuke... Madamu hatapenda. Iko Bukavu, anarudi Jumatatu. Atakuuliza yeye mwenyewe. Ukijipinga tena, dosiye, faili yako, inafungwa."

"Basi nitaongea Kiswahili, wewe utatafsiri."

"Nitatafsiri. Lakini enfant, mutoto, ni masculin, neno la kiume, mama. Hata mimi, kwa sarufi safi, ningesema il."

Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha saa mpya. Angèle alizitazama zile kalamu mbili na kufikiria mahali pa kuzichomeka. Halafu akaondoka.

Kutoka Himbi hadi Majengo aliukanyaga mji wa Goma kana kwamba mji ndio uliokosa. Tangu vita viliposhuka tena kwenye milima ya Masisi hakuwa amelala vizuri hata mara moja. Asubuhi ile risasi zilipoanza, Chance alikuwa masomoni. Walimu walikimbia na wanafunzi kwa njia ya juu, wazazi walisukumwa na umati kwa njia ya chini, kuelekea Sake, na njia hizo mbili hazikukutana tena. Gari moja la msaada liliokota watoto wengi barabarani na kuwaleta Goma. Hilo ndilo Angèle alilojua: mtoto wake yumo mjini humu au hayumo popote. Umri miaka saba, kichwa kimenyolewa kama wanavyonyolewa wanafunzi wote, sikio la kushoto limepasuka tangu siku ndama alipovuta hereni yake. Na watoto wadogo hawajui majina ya wazazi wao. Ukimuuliza Chance mama yake anaitwa nani, atakujibu Mama Chance.

Na il alifundishwa na nani? Twende Majengo.

Muzee Ferdinand, baba yake mdogo Angèle, alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake ya mbao, miguu juu ya mawe ya volkano, akinywa chai kwa mluzi. Huyu alisoma hadi mwaka wa nne wa shule ya msingi, na mwaka huo wa nne aliutangaza Masisi nzima kama wengine wanavyotangaza universite. Aliwahi kupima kahawa kwenye shamba la Wazungu, akarudi na kofia moja na Kifaransa kidogo, na kati ya hivyo viwili kofia ndiyo iliyodumu. Angèle alipofika kwake na godoro kichwani, ndiye aliyemshauri: "Usikubali mukalimani. Mukalimani anakula nusu ya maneno. Bazungu wanakuheshimu ukiwaongelesha kwa luga yao. Na usihangaike na mambo mengi, wewe sema il. Il inafungua kila mulango."

Angèle alimwaga ile chai. Hakuirusha, aliichukua mkononi mwa mzee kwa upole kabisa na kuimwaga kati ya mawe, akamrudishia kikombe.

"Ilikuwa na sukari," akasema Ferdinand.

"Wameniletea mutoto mwanaume."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya il yako. Banatafuta mwanaume tangu nilipofika. Na sasa banasema mimi ni mwizi wa batoto."

Ferdinand alifungua mdomo. Kwa desturi mdomo ule ukifunguliwa unatoka uongo uliovaa vizuri, lakini safari hii ulikaa wazi tu. "Kule shamba la kahawa," akasema mwishowe, "tulikuwa wanaume watupu."

"Baba mudogo, ulinifundisha luga ya shamba la kahawa nikamutafute binti yangu nayo?"

"Hakuna mwanamuke aliyekuwa anapima kahawa, ningejuaje..."

"Ungenyamaza."

Jirani waliokuwa wakipepeta maharagwe waliacha kupepeta. Kumwambia baba yako mdogo hivyo, Masisi, ni neno la kuitisha kikao. Ferdinand alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Hakuomba msamaha, mtu wa aina ile akiomba msamaha anaugua. Alisema, "Jumatatu iko mbali. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Unakumbuka ng'ombe za baba yako?"

Swali gani hilo. Angèle alichunga ng'ombe za baba yake tangu hajaota meno ya pili. Alizijua katika ukungu wa asubuhi, ule ukungu wa Masisi unaomeza hata pembe. Alijua Gaju kwa kikohozi chake na dume la kaka yake kwa jinsi alivyokwaruza udongo.

"Maneno ya Kifaransa ni ng'ombe," akasema Ferdinand. "Moja ni dume, ingine ni jike. Dume ni le, jike ni la. Hakuna sababu. Gaju ulimuulizaka kwa nini ni jike?"

"Niliangalia chini ya tumbo."

"Ndiyo. Sasa maneno nayo utaangalia chini ya tumbo. Lisipokuwa na kiwele, weka wewe."

Ndivyo ilivyoanza, na mtu asidhani ilikuwa shule ya kupendeza. Angèle alikuwa akibeba makala, yaani makaa ya kupikia, kwa ajili ya muuzaji mmoja wa mtaa wa Mapendo, na Ferdinand alimfuata nyuma kwa miguu yake ya kizee akimtupia maneno, na mwenye gunia kichwani akiyajibu kwa hasira.

"Robe."

"La."

"Umeiona?"

"Nimeiona. Gauni, na maziwa yanadondoka kwenye pindo."

"Pull."

"Le. Dume amekwama kichwa ndani ya sweta, pembe zimetoboa."

"Couteau."

"Le. Kisu, na wewe uko mbele yake, baba mudogo."

Waligundua jambo, au tuseme Angèle aligundua na Ferdinand akaanza kulitangaza kama lake: picha ya kawaida haishiki. Kiatu tu kinasahaulika. Kiatu chenye kiwele, kinachokamuliwa na padri kwenye ngazi za kanisa, hakitoki kichwani hadi unakufa. Lazima ichekeshe au ichukize. Na ya kuchukiza ndiyo iliyomkaa Angèle zaidi, maana siku zile hakuwa na kicheko cha kutumia ovyo.

Maneno mabaya kuliko yote yalikuwa yale yanayojificha. Enfant, oreille, école, yaani mtoto, sikio, shule. Mbele yake le na la zote zinakatwa mkia, inabaki l' peke yake, na huwezi kujua ni dume au ni jike. Hapo Angèle alifikiria ukungu. Ng'ombe yumo ndani, unasikia anatafuna, huoni kitu. Unafanyaje? Unamwita kwa un au une, moja ya dume na moja ya jike, ageuke. "Une oreille," akaita, na sikio likageuka ndani ya ukungu na kumwonyesha kiwele. Hilo alilishika siku hiyo hiyo, kwa sababu lilikuwa sikio la mwanawe.

Ferdinand naye hakukosa kanuni za kutembea nazo kifua mbele. "Yote yenye kuishia na age ni madume," akatangaza mbele ya watu bombani. "Le fromage, le village, le voyage, le pillage. Jibini, kijiji, safari, uporaji. Chukua hiyo, ni ya bure."

"Isipokuwa rage, Muzee," akasema Constant, mwalimu mzee aliyekuwa kwenye foleni na jerikani yake. "Hasira. La rage. Na cage, na page, na plage, na nage, na image."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Lakini Angèle alishaliweka gunia chini. "La rage ni jike?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo haina haja ya ng'ombe," akasema. Na yale mengine aliyafunga hapo hapo kwenye kamba moja: mwanamke mwenye hasira yumo ndani ya tundu, ndiyo la cage, anachana ukurasa, la page, kwa meno, anavunja tundu, anafika ufukweni, la plage, anaingia ziwani kuogelea, la nage, na ndani ya maji anaona l'image, uso wake mwenyewe, nao bado umekasirika. Constant alicheka hadi akamwaga maji. Ferdinand alisema hiyo njia ni ya kwake.

Siku moja kabla ya Jumatatu, Angèle alimuuliza Ferdinand Kifaransa cha vita.

"La guerre."

Alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ikampigia honi, hakuhama. "Jike?"

"Jike."

"Vita ni mwanamuke. Ni mwanamuke gani alikuja kwetu na bunduki? Ni mwanamuke gani alikula Gaju?"

"Mimi sikuitunga."

"Na risasi?"

"La balle."

"Na bomu, na njaa, na kifo?"

Ferdinand alikuwa akihesabu vidoleni bila kumtazama, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. "La bombe, la faim, la mort. Zote."

"Na mwenye bunduki?"

"Le soldat."

"Angalau huyo walimwangalia chini ya tumbo," akasema Angèle. Akaubeba mzigo wake. Hatua chache mbele akauliza, sauti imeshuka, "Na amani?"

"La paix."

"Hata yeye."

"Hata yeye. Zizi moja na vita."

Mpaka Mapendo Angèle alikuwa na kazi ya pili kichwani. Alikuwa akimweka vita zizini mwa baba yake, kwa sababu alihitaji kumkumbuka, na ilimuudhi mno kwamba ilibidi ampe kiwele.

Jumatatu madamu alikuwepo. Mfaransa mwembamba, nywele fupi, uso wa mtu aliyedanganywa na wengi. Rémy alikaa kando yake. Ferdinand alikuwa amezuiwa getini, ambako alishaanza kumweleza mlinzi habari za shamba la kahawa.

Madamu akauliza swali refu polepole. Rémy akageuka kutafsiri. Angèle akainua mkono kumzuia.

"Ma enfant," akasema, na hiyo ma ni wangu ya jike.

"Mon enfant, mama," Rémy akanong'ona. "Mbele ya vokali ni mon. Hata kwa musichana."

Angèle akamgeukia. Siku zote zile hakuna aliyemwambia hili. Ferdinand hakulijua, Constant hakuliwaza. Kwa hiyo Kifaransa kizuri, Kifaransa cha watu wa kalamu mbili, kinamvalisha binti yake suruali kwa sababu tu ya herufi moja.

"Mon ndiyo ilimuficha," akamwambia kwa Kiswahili. "Sema mon na watoto wako." Akarudi kwa madamu. "Ma enfant. Ma. Elle s'appelle Chance. La chance. Elle a une oreille..." Neno la kupasuka likamkimbia. Akashika sikio lake la kushoto, akaonyesha kwa ukucha jinsi lilivyochanika. "La robe jaune. Le pull vert. La tête," gauni la njano, sweta la kijani, kisha akapitisha kiganja juu ya kichwa, kimenyolewa.

Madamu alimtazama. Alikuwa na ujanja wake, yule mwanamke, kazi ilimfundisha. Akainama kana kwamba anatafuta kitu mezani, akauliza bila kuinua uso, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Et il a quel âge?"

Huo ulikuwa mtego, na mwizi wa watoto angejibu umri. Hata mama mwingine aliyechoka angejibu umri. Angèle aliisikia il ikiingia hemani kama dume la jirani linaloingia shambani.

"Elle," akasema, na kiganja chake kikatua mezani hadi kalamu zikaruka. "Elle. Elle a sept ans. Elle, madame."

Madamu akaweka kalamu chini. Alipoongea tena aliongea na Rémy, haraka, na Angèle hakuelewa ila neno moja, filles, wasichana, na neno hilo lilikuwa na maziwa. Rémy akatoka mbio. Aliporudi alisimama mlangoni mwa hema, akakosa pa kuweka mikono.

"Mama, kuna nyumba ya wasichana nyuma hapa. Njia ya pili. Chance mumoja iko pale, na sikio... Iko pale tangu juma la kwanza."

"Tangu juma la kwanza."

"Mutu wetu alikuwa anapita pale getini kila Ijumaa. Anauliza kama kuna mvulana anaitwa Chance. Wanamwambia hapa ni wasichana tu." Akazigusa kalamu zake mbili. "Ilikuwa jibu la kweli, mama."

Siku ile Angèle angeweza kuvunja meza, na wamama wa mabenchini wangemsaidia kubeba vipande. Alikuwa na matusi ya Kihunde ambayo nyanya yake alimwachia bila kuyatumia hata moja. Lakini hasira hiyo ilikuwa ndefu mno kuanza kuitoa pale, na njia ya pili ilikuwa karibu.

"Geti ya rangi gani?" akauliza.

"Ya buluu."

Mama aliyefungua aliitwa Mukashyaka, mlezi wa nyumba ile, mikono ina unga. Alimtazama Angèle usoni na hakuuliza kitu, akasogea pembeni. Uani kulikuwa na wasichana wanachambua mboga. Mmoja wao, kichwa kimeshaota nywele za kidole kimoja, aliinua uso. Hakukimbia. Aliendelea kushika shina la lengalenga mkononi.

"Ulikuwa wapi?" akauliza Chance.

"Majengo."

"Iko mbali?"

"Hapana. Ni hapa hapa Goma."

Mtoto alilipima jibu hilo. "Mbona hukukuja?"

Majibu Angèle alikuwa nayo tele. Baba mudogo na kahawa yake, Rémy na sarufi yake, yule mtu wa kila Ijumaa, na Wafaransa wote waliokaa siku moja wakaamua mambo haya. Aliyatazama yote na hakuona hata moja la kumpa mtoto wa miaka saba.

"Niliongea vibaya," akasema.

"Uliongea na nani?"

"Na wote."

"Mimi niliwaambia jina langu," akasema Chance, na sasa sauti yake ilikuwa imekaza. "Niliwaambia kila siku. Niliwaambia mama yangu anaitwa Mama Chance. Sikukosea."

"Hapana. Hukukosea."

Chance akasimama, akaingia ndani, akatoka na sweta lake la kijani limekunjwa. Akamkabidhi mama yake sweta, siyo mkono, akatangulia kwenda getini bila kuaga. Mukashyaka akasema polepole kwamba ndivyo wanavyokuwa wengi, siku za kwanza. Angèle akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na neno la shukrani siku ile. Alirudi kulitoa baadaye, na alilitoa vizuri.

Njiani Ferdinand alikuwa akiwangoja, kofia mkononi, uso umejaa hotuba. Alikuwa ameshamweleza mlinzi kwamba ni yeye aliyemfundisha huyu mwanamke Kifaransa kwa njia ya ng'ombe.

"Baba mudogo," akasema Angèle, "leo usiseme kitu."

Akavaa kofia, akawafuata nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu Masisi ilipowekwa na Mungu mahali ilipo, alitembea mtaa mzima bila kujisifu.

Chance aliendelea kutangulia, mgongo umenyooka kwa hasira, ingawa hakujua njia. Kila palipokuwa na kona alisimama, akangoja bila kugeuka, mpaka mama yake amwambie kushoto au kulia. Walipofika barabara kubwa, pikipiki na malori vikipita bila kumheshimu mtu, mtoto alisimama ukingoni. Bado hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akasubiri ushikwe.